Kusikia Bila Kuona

Mtu apewaye kazi ya kufundisha watu asioonana nao hupata cheo na hatari pamoja. Cheo chake ni kuwa neno lake hufika mahali usipofika mguu wake. Hatari yake ni kuwa neno hilo likiharibika njiani, aghalabu yeye huwa wa mwisho kujua. Mimi nilikipokea cheo kwa furaha, na hatari ilinifikia kabla sijaitambua. Habari yenyewe haina ajabu yoyote. Ni kosa la kawaida, na makosa ya kawaida ndiyo yanayoachwa yakae.

Nakaa Tanga, na kwa miaka kadhaa nimefundisha mpira wa miguu watoto wa chini ya miaka 13 katika kiwanja cha mtaa wetu, kiwanja chenye mchanga mwingi kuliko majani. Wenzangu wa Muheza, Pangani na Korogwe walikuwa wakiniomba mazoezi niliyokuwa nikiyatumia. Basi tulifungua tovuti ndogo ya mafunzo, nami nikafanywa mtunzaji wake. Niliweka humo mafaili ya aina mbili: video fupi za kuonyesha mazoezi, na nyaraka zenye ratiba ya kila juma na michoro ya wachezaji uwanjani. Video nilizipiga kwa simu yangu mpya. Nyaraka niliziandika kwa kompyuta yangu. Kisha nikayajaribu mafaili yote kwa vyombo hivyo hivyo viwili. Yakafunguka, nikaridhika. Nilikuwa kama fundi aliyejipima mwenyewe kanzu ya mteja, ikamkaa vizuri, akasema kazi imekwisha.

Malalamiko yalianza kabla ya mwezi kuisha. Mmoja alisema video inazunguka tu haianzi. Mwingine alisema mishale ya mwendo wa wachezaji imegeuka visanduku vitupu. Wa tatu alisema waraka wa juma la pili haufunguki kabisa. Wote niliwapa jibu moja, nalo lilikuwa fupi: “Kwangu inafunguka.”

Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja wa Muheza, aliyefundisha watoto tangu mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto. Alinipigia simu jioni moja. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, “Mwanangu, somo lako la kipa nimelisikia, sikuliona.” Nilicheka, nikidhani alilifungua akaitia simu mfukoni. Akarudia polepole, kama mtu asomaye hati mbele ya hakimu: “Nimesikia, sikuona.” Nikamwambia ajaribu tena. Katika daftari langu niliandika kuwa hafuati masomo. Na nilipotakiwa kutaja walimu wawili wa kwenda kwenye mafunzo ya juma moja, jina lake nililiruka.

Somo lile lilihusu namna kipa anavyoanguka. Baada ya wiki chache mzee alipiga simu tena. Kijana wake wa miaka 11 aliurukia mpira, akatanguliza kiganja wazi chini, akavunjika mkono karibu na kifundo. Mzee hakunilaumu. Alisema tu, “Nieleze kwa maneno, mwanangu, maana ile ‘hivi’ yako siioni.”

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Muheza. Mzee alinipa simu yake, simu ya miaka mingi yenye ufa pembeni, nikaifungua video yangu mwenyewe. Kioo kilikuwa cheusi. Sauti yangu ilitoka safi, ikisema: “Tazameni anavyoanguka. Aanguke hivi, wala si hivi.” Nikasimama nikijisikiliza nikilifundisha giza.

Niliporudi nyumbani nilianza kujifunza nilichopaswa kujua kabla ya kuwa mtunzaji wa kitu chochote. Faili iitwayo MP4 ni sanduku. Ndani yake picha na sauti zimefungwa mbalimbali, kila moja kwa namna yake, na jina la sanduku halisemi picha imefungwa kwa namna gani. Namna iitwayo H.264 ilipitishwa mwaka 2003, na karibu kila simu inaijua. H.265 ilifuata mwaka 2013. Hiyo hubana picha zaidi, hata faili ikakaribia kuwa nusu ya ukubwa kwa ubora ule ule, lakini simu nyingi za zamani hazina uwezo wa kuifungua. Simu yangu mpya ilikuwa ikitumia hiyo ya pili bila kuniuliza. Sauti nayo ilifungwa kwa namna ya kale ijulikanayo na wote. Basi simu ya mzee ilifungua ilichoweza na kuacha ilichoshindwa. Maneno yake mawili, nimesikia, sikuona, yalikuwa maelezo kamili ya ugonjwa. Fundi mwenye elimu asingetaja kwa usahihi zaidi.

Video zilizozunguka bila kuanza zilikuwa na maradhi mengine. Kila faili ya namna ile ina faharasa iielezayo simu mahali ilipo kila picha, na simu nyingi huiandika faharasa hiyo mwishoni, upigaji ukiisha. Penye mtandao dhaifu, mtazamaji aweza kungoja faili karibu nzima ishuke kabla ya kuona picha ya kwanza, na kifurushi chake cha intaneti kikaisha akingali anangoja.

Kuhusu nyaraka, aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi. Niliwahi kuambiwa kuwa PDF haibadiliki sura kutoka chombo hadi chombo. Hiyo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Ilitolewa na Adobe mwaka 1993, ikawa kanuni ya kimataifa mwaka 2008, nayo yaweza kubeba ndani yake maumbo ya herufi na alama zake. Lakini waraka wa juma la pili sikuugeuza. Nilifuta herufi za mwisho wa jina, docx, nikaandika pdf. Kompyuta yangu, ambayo hutazama mwili wa faili kuliko jina lake, iliufungua bila neno. Simu za wenzangu ziliamini jina, zikashindwa. PDF ya kweli huanza kwa alama %PDF; wangu ulianza kwa PK, herufi za jina la Phil Katz, mtunzi wa namna ya kubana mafaili ambayo docx hujengwa kwayo. Nilimvika mbuzi kengele ya ng’ombe nikatazamia maziwa ya ng’ombe.

Kurekebisha kulichukua jioni za majuma matatu. Kwa programu ya bure iitwayo FFmpeg nilizigeuza video zote ziwe H.264, faharasa ikatangulizwa mwanzoni, na picha zikapunguzwa ziwe nyepesi. Nyaraka nilizitoa upya kuwa PDF za kweli, na mishale ikachukuliwa ndani pamoja na herufi. Kisha nilinunua simu kuukuu, na sasa hapana faili inayowekwa kabla simu hiyo haijaifungua.

Lakini somo la kipa sikuligeuza tu, nililirekodi upya. Sasa sauti inasema: “Anguka kwa ubavu. Paja litangulie, kisha nyonga, kisha bega. Mikono ibaki kwenye mpira; usitangulize kiganja chini kuzuia mwili.” Asiyeona picha atapata japo nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo ilindayo mkono.

Siwezi kuapa kuwa picha ingemwokoa yule kijana. Watoto huanguka hata wakifundishwa vyema. Ninachoweza kukiapia ni kuwa mwalimu wake aliitafuta picha hiyo kwa wakati wake, akaniambia kilichokosekana, nami nikamcheka.

Niliwaandikia wenye mafunzo kulirudisha jina lake. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Nilikwenda tena Muheza kumwomba radhi. Aliniandalia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mimi nilikwambia kweli siku ya kwanza.” Mkono wa kijana umepona. Anacheza mbele sasa. Golini hakutaka kurudi.

Tangu hapo, mtu aniambiapo faili haifunguki, humwuliza kwanza anaona nini, anasikia nini, na ameshika chombo gani. Kisha hunyamaza nikamsikiliza. “Kwangu inafunguka” si jibu la swali lake. Ni habari za simu yangu, naye hakuniuliza habari hizo.