Ukungu wa Ukutani

Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilipoingiza maji nyumbani kwetu, tuliyachota, tukafunga madirisha kwa hofu ya wezi, tukahamia kwa shemeji. Tuliporudi siku ya nne, ukungu mweusi ulikuwa umetambaa ukutani na juu ya madaftari ya mashairi ya marehemu baba. Ukutani niliufunika kwa chokaa, ukachomoza tena.

Ukungu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Maji yakishatoka, fungua madirisha, anika vitu juani, sugua kuta kwa sabuni, wala usipake rangi kabla hazijakauka kabisa.

Kiswahili kimeupa jina moja na ukungu wa alfajiri. Ule huondoka wenyewe jua likipanda. Huu haukuondoka, na nusu ya mashairi ya baba hayasomeki tena.