Bawa la Corolla

Bawa lilikuwa jeusi, la faiba, limetolewa kwenye Altezza iliyokuwa ikiuzwa vipuri Mwanza. Mimi ndiye niliyelinunua. Nililivisha gunia, nikabishana na kondakta kuhusu nauli ya mzigo, na kesho yake mdogo wangu akalipokea Benaco. Alinipigia simu akicheka kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Kwa msiopajua Ngara: Benaco ni jina la kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyowahi kupiga kambi pale. Kampuni iliondoka, jina likabaki, na mwaka 1994 dunia nzima ikalisikia kwa sababu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Siku hizi ni malori. Yanayoelekea Rusumo, yanayoelekea Kabanga, yanayorudi matupu usiku kwa fujo. Katikati ya malori hayo ndimo mdogo wangu anamotafutia riziki na Corolla yake ya miaka ya tisini: Ngara, Benaco, Nyakahura, Lusahunga, Biharamulo, kisha anageuza. Gari la aina hiyo tunaliita mchomoko. Kiti cha mbele cha abiria wanakaa wawili, nyuma wanne, mtoto anapakatwa, na buti hubeba mikungu ya ndizi mpaka mlango unafungwa kwa kamba ya mpira.

Alipofunga bawa juu ya buti hilo aliniuliza, "Dada, hivi hili kazi yake nini hasa?"

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kufupisha. Nikamjibu kwa sentensi moja: linakandamiza gari chini ili lishike lami kwenye kona.

Ile sentensi ni kweli. Nimeirudia kichwani mara nyingi, nikitafuta kosa, na sijaliona.

Miezi minne baadaye, mvua ikinyesha, kwenye mteremko kabla ya Nyakahura, matako ya Corolla yaliamua kutangulia. Gari likazunguka, likaingia mtaroni. Namshukuru Mungu hakukuwa na lori upande wa pili. Mama mmoja alivunjika mtulinga. Wengine walitoka na michubuko na matope. Nilipofika, baada ya kulala njiani, nilimkuta mdogo wangu kakaa kwenye jiwe pembeni ya gari, bawa likiwa halina hata mkwaruzo. Hakunisalimia.

"Dada, mbona bawa halikushika?"

Sikuwa na jibu. Nilizunguka nyuma nikatazama matairi. Vipara. Laini kama chupa. Hela ya matairi mawili ya mtumba yenye kashata zake ndiyo niliyokuwa nimenunulia bawa.

Usiku ule, kwa mama, nilianza kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kufungua mdomo. Bawa la gari ni bawa la ndege lililogeuzwa tumbo juu. La ndege hunyanyua, la gari hukandamiza. Spoila ni ndugu yake tu, si yeye: ule mdomo ulioshikana na bodi bila uwazi chini yake kwa kawaida haukandamizi, unavuruga upepo unaoteleza juu ya gari ili upunguze kulinyanyua. Vyote viwili hula hewa, na nguvu ya hewa haipandi sawasawa na mwendo. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Nikachukua daftari la shule la mtoto wa dada yangu nikapiga hesabu. Bawa la ukubwa wa moja ya tano ya mita ya mraba, nikilipa sifa nyingi kuliko linavyostahili, hewa ya milimani ikiwa nyepesi kidogo: kwa kilomita 50 kwa saa linakandamiza kama kilo 2. Kwa 100, kilo 8. Kwa 200, kilo 32, yaani ndipo linapofikia mkungu mmoja wa ndizi ulionona. Na hapo sijahesabu kwamba bawa lililokaa juu ya buti la Corolla linapata upepo ambao paa limeshauvuruga.

Basi nikajiuliza, kama shida ni uzito wa kukandamiza, mikungu iliyokuwa butini si ilifanya kazi hiyo kuliko bawa? Hapo ndipo nilipoelewa ujanja wote. Mkungu unakandamiza tairi, sawa, lakini kwenye kona nao una haja ya kukatishwa kona. Unavuta nje. Bawa linakandamiza bila kuongeza mzigo wa kukatishwa kona, na ndiyo maana watu wa mashindano wanalipenda. Lakini ni lazima uwe na mwendo wao. Na ni lazima uwe na tairi, maana kinachoshika lami ni tairi, hewa inalisukuma tu.

Wenye mwendo huo nao wamelia. Mwaka 1969, Barcelona, mabawa marefu ya magari mawili ya Lotus, la Graham Hill na la Jochen Rindt, yalivunjika katika mashindano yaleyale, na wiki mbili baadaye huko Monaco mabawa ya aina ile yakapigwa marufuku. Miaka thelathini baadaye Audi walitoa TT yenye mgongo wa duara, mzuri kuutazama, na Ujerumani watu wakafa kwa sababu kwa kasi kubwa nyuma ya gari ilikuwa nyepesi. Magari yakaitwa yarudi, yakafungwa spoila, yakarekebishwa na mengine. Pale mdomo mdogo wa nyuma ulikuwa na maana kabisa. Sisi tulikuwa kwenye mteremko wenye malori, mwendo ambao hata mbwa wa Nyakahura huwa wanaukimbiza.

Nimewahi kuandika habari za ajali nyingi. Aya nne, chanzo mwendokasi, dereva anashikiliwa. Hii ya kwetu haikuandikwa popote. Ningeandika nini? Chanzo: dada.

Nilimlipia yule mama matibabu, naye akanipa ndizi nilipokwenda kumwona, jambo lililonitesa zaidi ya kama angenitukana. Nikamwambia mdogo wangu ang'oe lile bawa. Akakataa.

"Stendi abiria wanalikimbilia hilo, dada. Nikiling'oa wanapanda la mwenzangu."

Sikubishana. Nilimtumia hela ya matairi mawili, maana ya manne sikuwa nayo. Jioni akanitumia picha: matairi yanang'aa, kayafunga mbele. Mbele ndiko injini ilipo, akaandika, ndiko kunakovuta. Nikampigia palepale. Nikamweleza kwamba mapya yakae nyuma, kwamba mbele ikiteleza usukani unakuambia mapema, ila nyuma ikiteleza unajua ukiwa umeshageuka, na yeye ndiye shahidi. Nilizungumza mpaka nikaishiwa pumzi.

Akakaa kimya kidogo.

"Sawa," akasema. "Lakini hiyo ni kwa spidi gani?"