Wimbo wa Gari la Nakivale

Magari ya abiria ya Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, miaka ile yalikuwa na redio zisizoshika stesheni. Yalikuwa Toyota za mtumba kutoka Japani, na redio ya Kijapani ya wakati huo ilianzia 76 ikakomea 90, ilhali Radio West ya Mbarara iko 100.2. Dereva mwenye hela alimwita fundi amwekee kifaa cha kusogeza masafa. Asiye na hela alibaki na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa ndani ya dashibodi, aliyemkumbusha kwa Kijapani, kila akiwasha gari, kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara za huko. Ya pili ilikuwa ya sidii, kama mwenye gari wa zamani aliisahau ndani.

Corona moja tuliyoipanda sana ilikuwa na sidii ya namna hiyo. Ilikwama kwenye mashine, haitoki wala haibadilishwi, ila inaimba. Mtu fulani huko Japani alijichomea mwenyewe nyimbo alizozipenda, zote sauti za kike, polepole, zenye piano na vinanda. Wimbo mmoja ulianza kwa unyonge kama mtu anayejisemea, kisha ukapanda ghafla mpaka vioo vikatetemeka. Huo ndio tuliougombania.

Mbarara gari haliondoki mpaka lijae, na kujaa kwa Corona ni watu wanne mbele, dereva akiwemo na nusu ya abiria mapajani mwake, na nyuma kila anayeweza kuingia. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia butini. Vitenge na mikate ya watoto mapajani. Ukishaipita migomba ya Isingiro unaiacha barabara kubwa na kuingia vumbini, na huko ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wakiamua kuvuka, wamevuka. Dereva alizima injini kuokoa petroli, akaiacha sidii iendelee. Hapo ndipo mjadala ulipokolea, maana Kijapani hakuna aliyekijua hata neno, kwa hiyo wote tulikuwa wakalimani.

Mama wa vitenge, aliyekimbia Masisi huko Kongo, alikuwa na uhakika kwamba mwimbaji analalamikia mama mkwe. “Sikieni hapo anapopandisha. Hapo ameambiwa afungashe arudi kwao.” Mzee mmoja Mnyarwanda alimpinga kila mara. Alikuwa ameletwa Nakivale mtoto mdogo, zama za wale wakimbizi wa mwanzo ambao kambi ilifunguliwa kwa ajili yao mwishoni mwa miaka ya 1950, na wenzake wengi waliporudi Rwanda baada ya 1994 yeye alibaki. “Binadamu halii hivi kwa ajili ya binadamu mwenzake,” alisema. “Huyu amepoteza mnyama wake.” Mwenye duka la tambi, Msomali, alisema wote ni waongo na kurudi usingizini. Dereva, kwa kuwa gari ni lake, ndiye aliyetoa hukumu: mapenzi tu, hakuna kingine. Hukumu yake hatukuipokea. Safari iliyofuata kesi ilifunguliwa upya.

Siku hizi safari ni nyepesi. Lami imefika Isingiro na kuipita. Sheria ya 2018 imezuia kuingiza nchini gari lenye miaka 15 au zaidi, na hata lile linaloingia, redio yake ya Kijapani hung'olewa mapema, inawekwa ya Kichina yenye bluetooth. Mwanamke wa dashibodi amenyamazishwa. Abiria kila mmoja na waya zake masikioni, na ng'ombe wakivuka tunatazama simu.

Simu hizohizo ndizo zilizomaliza kesi yetu. Mwaka 2020 Google ilianza kutambua wimbo kwa mluzi au kwa kuimbia puani tu, na siku moja mjini Mbarara nikajaribu. Niliimbia puani kile kipande cha kupanda sauti. Jibu lilikuja kabla sijameza mate: “Sora to Kimi no Aida ni”, mtunzi na mwimbaji Nakajima Miyuki, 1994.

Nikala bando langu lote usiku ule. Huko Japani tamthilia ya televisheni huja na wimbo wake maalumu, unaopigwa kila kipindi wiki baada ya wiki, hata mtu akiusikia sokoni anaona sura za waigizaji. Wanawake wanaojitungia wenyewe wametia mkono sana katika kazi hiyo. Ule mwingine wa piano kwenye sidii ulikuwa “Haru yo, Koi” wa Matsutoya Yumi, uliofungua tamthilia ya asubuhi ya televisheni ya NHK kwa mwaka mzima kuanzia Oktoba 1994. Ule ambao dereva aliurudia peke yake ulikuwa “First Love” wa Utada Hikaru, wa tamthilia ya 1999 kuhusu mapenzi ya mwalimu na mwanafunzi wake. Utada alikuwa na miaka 16 tu, na albamu yenye jina hilo iliuza nakala zaidi ya milioni saba. Kwa wimbo huo, dereva alikuwa sahihi.

Lakini wetu, ule wa ugomvi, ulikuwa wa tamthilia “Ie Naki Ko”, habari ya msichana wa miaka 12 asiye na kwao, anayezunguka na mbwa wake. Nakajima aliutunga kwa moyo wa mbwa: ndiye anayemtazama mtoto na kutaka kumkinga. Msichana yule alivuma Japani nzima kwa kuwaambia watu wanaomhurumia wampe pesa badala ya huruma. Hapa kwetu, ambako wageni huja na kamera na kuondoka, angechaguliwa mwenyekiti wa kijiji bila mpinzani. Tamthilia ilianza Aprili 1994 ikaisha mwanzoni mwa Julai. Miezi hiyohiyo, ng'ambo ya vilima vyetu, Watutsi wa Rwanda walikuwa wanauawa kwa mamia ya maelfu, na watoto waliobaki bila kwao hawakuwa waigizaji.

Mzee alikuwa karibu kuliko sisi sote. Mnyama alikuwamo kweli, ila ndiye aliyekuwa anaimba. Nilitamani kumpelekea habari, lakini tulikwishamzika. Nikamsimulia dereva wa siku hizi, kijana, akasema “Ah, kumbe,” akaongeza sauti ya wimbo wake wa injili.

Sijutii kujua. Hadithi ya yule mtoto inastahili kujulikana Nakivale kuliko mahali pengi. Ila tangu nijue, nikiuweka wimbo namsikia mbwa, na mbwa peke yake. Nimejaribu kumtafuta yule mnyama aliyepotea wa mzee ndani yake, nimejaribu kumtafuta mama mkwe, hawapo. Wajapani waliupata wimbo pamoja na hadithi yake. Sisi tuliupata mtupu, tukauvika wenyewe, na kwa kuuvika tukajuana: ni katika ule ubishi nilipojua kwamba mama wa vitenge alifukuzwa kwa mumewe kabla hajafukuzwa na vita.

Yeye sasa yuko Marekani, alipelekwa huko na wanawe. Nilimtumia wimbo pamoja na maelezo yote: mwaka, tamthilia, msichana, mbwa. Jibu lake la sauti lilifika usiku wa manane.

“Mbwa gani, mwanangu? Wamekudanganya. Ule ni wimbo wa mama mkwe, na mwanamke yule alirudi kwao kwa miguu. Nitumie na zile zingine zote. Maelezo baki nayo.”