Mvua za Kutapisha

Nyumba tuliyopanga Tandale ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: korido katikati, vyumba pande mbili, uani jiko la wote na bafu la mabati, na nyuma kabisa choo. Choo chenyewe tulikipandia kwa ngazi. Ardhi ya bonde lile ukichimba kidogo tu unakutana na maji, kwa hiyo mafundi walijenga kwenda juu. Walipanga matairi makuukuu ya magari, moja juu ya jingine, wakasiliba saruji, na hilo ndilo likawa shimo. Ukisimama ngazi ya juu uliona mabati yenye kutu ya mtaa mzima hadi kwenye Mto Ng'ombe.

Ubavuni mwa shimo, upande wa mtaroni, fundi aliacha tundu la kupenya mkono. Lilizibwa kwa gunia lililosokotwa, juu yake likakandikwa bonge la udongo. Kiangazi chote hakuna aliyeligusa. Lakini mvua kubwa ikishuka, hasa ya usiku, wapangaji walichanga hela wakamwita kijana wa kazi hiyo. Alikuja na koleo, akabandua udongo, akachomoa gunia, na vyote vilivyojaa shimoni vikaondoka na maji ya mvua. Tuliita kutapisha choo. Nyumba nyingi za mtaa ule zilitapisha. Gari la kunyonya majitaka lilikuwa na bei yake, na hata aliyekuwa na bei hiyo hakuwa na pa kulipitisha. Uchochoro wetu mkokoteni wenyewe ulipita kwa shida.

Mwaka 1997 ukiishia na 1998 ukiingia, zikaja mvua za El Nino. Vitanda tulivipandisha juu ya tofali. Mlangoni tulijenga ukingo wa saruji unaofika magotini, na maji yaliuruka. Yakipungua, ukutani yaliacha mstari mweusi wenye mafuta, na harufu iliyoganda kwenye magodoro hadi jua la siku kadhaa liichomoe.

Asubuhi moja ya msimu huo, bibi mmoja wa bondeni, muuza vitumbua, alipanda hadi kwetu na khanga iliyolowa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, bibi. Shikamoo," mama alimwitikia.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nimekuja na ombi. Mkitapisha, nitumieni mtoto aniambie, niinue vyombo vyangu."

Mama alinyamaza kwa muda, kisha akamshika mikono yote miwili. Tangu hapo mjumbe nikawa mimi. Nilijifunika mfuko wa nailoni kichwani, nikateremka uchochoro nikiwa nimeshikilia kuta, nikabisha hodi: "Bibi, mama anasema leo wanatapisha." Naye hakuwahi kunifokea. Alipandisha kikaango cha vitumbua juu ya kabati, unga juu ya kikaango, na Msahafu, uliokwisha kufungwa vizuri kwenye plastiki, akauchomeka darini kati ya boriti na bati. Kisha aliketi kitandani kuyasubiri maji ya majirani zake.

Sijapata kuona upole mkubwa kuliko ule, wala sijapata kuona mtu akiombwa upole mkubwa kiasi kile na mji wake.

Kwenye makaratasi ya mipango, maji ya mvua ni sura moja na majitaka ni sura nyingine. Kwetu yalikuwa maji yale yale. Katikati ya Dar es Salaam kulikuwa na mabomba ya majitaka yaliyotangulia uhuru, yanayomwaga baharini, na baadhi ya maeneo mengine yaliungwa na mabwawa ya kusafishia kama ya Vingunguti. Wakazi walio wengi walibaki na shimo la uani. Shimo likijaa na gari halifiki, mvua ndiyo gari. Kipindupindu kilipoushika mji miaka ile, hatukuhitaji kuelezwa kilipita njia gani.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Agosti 2015 kipindupindu kilirudi, kikaanzia wilaya yetu ya Kinondoni. Mwaka huo huo ulianza mradi wa kuendeleza jiji, DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na miongoni mwa kazi zake ukawa Mto Ng'ombe. Nyumba zilizokuwa zimeuingilia mto zilivunjwa, mkondo ukapanuliwa na kujengewa kingo. Nilipokwenda kuutazama, nilifurahi kwa dhati. Maji yana njia, na watoto wanavuka bila kubebwa mgongoni.

Lakini mtaro mzuri hauulizi umepewa nini. Choo kikitapishwa kwenye mtaro mpana, uchafu unamruka jirani wa karibu ukamfikia jirani wa mbali, kwa kasi zaidi: unaingia Mto Msimbazi, unatokea baharini kwenye Daraja la Selander. Bibi wa bondeni anabaki kuwapo, ila sasa anaishi mbali zaidi nasi, na hakuna mtoto wa kumpelekea taarifa.

Dawa ipo, na imeonekana. Vipo vikundi vya vijana wanaonyonya vyoo kwa pampu za mkono, wakapakia madumu kwenye guta na kupita pale ambapo gari haliwezi. Vingunguti kuna wakazi waliounganisha nyumba zao kwa mabomba membamba yanayokatiza uani, yakaishia kwenye mabwawa yaliyo jirani. Na bwawa halihitaji mitambo ya ajabu. La kwanza ni la kina kirefu: mashapo yanatua chini na vijidudu visivyohitaji hewa vinayamega. La pili, mwani unayapatia maji oksijeni. Mabwawa ya mwisho hayana kina, jua likayapenya na kuua vimelea. Joto na jua Dar es Salaam havijawahi kutuishia. Yanayotakiwa ni ardhi iliyolindwa isivamiwe, kuzoa tope kwa wakati, na nauli ya uchafu kufika hapo iwe ndani ya uwezo wa mpangaji.

Sasa macho ya wengi yako Msimbazi, kwenye mradi mkubwa wa bonde lake na daraja jipya la Jangwani, na ninauombea ufanikiwe. Ombi langu kwa wanaochora mitaro ni hili: kabla ya kupima upana wa mkondo, waingie uani, wahesabu mashimo yaliyo kandokando yake, na gharama ya kuyanyonya waiandike kwenye bajeti ile ile ya zege.