Mwendo wa Watoto



Neno la leo liko Mwanzo 33:12-14 na 1 Samweli 1:21-23. Fungua Biblia usome kwanza, kisha urudi hapa.

Desemba inakaribia na wengi wenu mnaniandikia mkiomba maombi ya safari. Kutoka Meru, Nkubu, Runyenjes na Embu mjini, familia zinapanga kwenda Mombasa. Pesa zimechangwa mwaka mzima. Watoto wakubwa wanataja Wild Waters ya Nyali kila mkikaa mezani. Lakini kuna mtu mmoja nyumbani ambaye mpango haujamfikiria: yule wa miezi minne. Leo tuzungumze juu yake.

Mwangalie Yakobo. Amekutana na Esau baada ya miaka 20. Wamekumbatiana, wamelia. Esau, mwenye watu 400, anataka waondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Anaeleza kwamba watoto ni wadogo na kundi lina wanyama wanaonyonyesha. Wakiharakishwa hata siku moja, watakufa. Esau atangulie. Yeye atakuja polepole, kwa kadiri watoto wanavyoweza.

Mpendwa, huyu ni mtu aliyeshindana usiku kucha akabarikiwa! Lakini kulipokucha alihesabu hatua za mtoto. Baraka haikumwondolea akili ya kupanga. Basi na sisi tupange.

KWANZA, BARABARA. Kutoka Meru jioni ili kuamkia baharini ni mwendo wa Esau. Ukiwa na mtoto mchanga, igawanye safari. Embu hadi Nairobi ni karibu kilomita 130. Lala kwa ndugu Nairobi, kesho yake mpande treni ya Madaraka Express pale Syokimau. Ndani kuna choo, na mama anaweza kusimama ambembeleze mtoto. Tiketi za Desemba huisha mapema, kwa hivyo usingoje dakika ya mwisho. Mkienda kwa gari, mwambie dereva apunguze mwendo, hata abiria wengine wakinung'unika. Sisi watu wa huku hatujasahau daraja la Nithi, Julai 2022, na lile basi lililotoka Meru likielekea Mombasa. Zaidi ya watu 30 hawakufika. Mungu azidi kuzifariji familia zile.

PILI, JOTO NA MBU. Huku kwetu mtoto huvalishwa sweta juu ya sweta. Mombasa Desemba joto hufika nyuzi 30 na zaidi. Beba nguo nyepesi za pamba, kofia na leso mbili tatu. Mchana akae kivulini. Mtoto wa chini ya miezi sita hashauriwi kupakwa mafuta ya kuzuia jua. Kivuli na nguo ndiyo kinga yake. Mnyonyeshe mara nyingi, na usimpe maji hata shosho akisisitiza. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata kwenye joto.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Wengi wa Githongo, Manyatta na Kianjokoma tumelala miaka bila neti. Pwani kuna malaria, na mwili wa mtoto wa huku juu haujaizoea. Kabla ya kulipa hoteli, piga simu uulize kama kitanda kina neti na kama ni nzima. Hata wakisema ipo, beba ndogo ya mtoto. Tena mkisharudi, mtoto akipata homa wiki mbili au tatu baadaye, usiseme ni baridi ya Meru. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari, "Tulikuwa Pwani." Maneno mawili tu, lakini yatamkumbusha kupima malaria. Na akiwa chini ya miezi mitatu, homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Utasema, "Pastor, imani yako iko wapi?" Iko palepale. Naomba, halafu nafunga neti.

TATU, BEGI. Usihamishe nyumba. Daipa za siku mbili zatosha. Nyingine utanunua hukohuko. Weka kipimajoto, pakiti za ORS, na shuka ambalo mtoto amelizoea harufu yake. Kijitabu cha kliniki kisibaki nyumbani. Angalia pia tarehe za chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, na miezi 9. Ikiangukia siku za safari, ongea na muuguzi kabla ya kuondoka.

NNE, AKINA BABA. Ndugu yangu, kulipa hoteli si kumaliza kazi. Mtoto akilala mchana na wengine wako kwenye maji, nani anabaki chumbani? Kama ni mama kila siku, basi umempeleka Mombasa akaangalie ukuta mwingine. Pangeni zamu. Na wekeni jambo moja tu kwa siku. Leo Haller Park, muone twiga na viboko chini ya miti. Kesho ufuoni mapema, kabla jua halijawa kali. Mengine yasubiri.

Na je, mama akisema mwaka huu haendi? Msome Hana. Familia ya Elkana ilikuwa ikipanda kwenda Shilo kila mwaka, tena kwa ibada, si kwa kuogelea. Hana akabaki nyumbani mpaka Samweli aachishwe kunyonya. Elkana hakumwita mkaidi. Alimwachia afanye aonavyo vyema. Kama Hana alikosa hata sikukuu ya Bwana kwa sababu ya mtoto anayenyonya na Mungu hakumhesabia hatia, wewe unamlaumu mkeo kwa sababu ya hoteli? Dada unayebaki, hujaachwa nyuma. Bahari haihami.

Hata kanisani tuna wachanga. Kuna aliyeokoka mwezi uliopita, na tayari tunamuuliza mbona hafungi siku tatu. Esau atangulie. Sisi tutembee na wadogo, tutafika.

Tuombe: Baba, tunakukabidhi kila familia itakayosafiri Desemba hii. Wape madereva utulivu, wape akina mama nguvu, wape akina baba macho ya kuona. Linda kila mtoto dhidi ya ajali na magonjwa. Anayebaki nyumbani, mjaze furaha yako. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha umtumie mama mmoja anayenyonyesha, pamoja na mumewe.