Deni la Mzee 'Ntoni

Wasomaji wa Matendo ya Mitume wakumbuka ya kuwa Paulo, alipokuwa akipelekwa Rumi, alikaa siku tatu katika Sirakusa. Mji huo uko Sisilia, kisiwa cha Bahari ya Mediterania, nao ungaliko hata leo. Kaskazini yake, karibu na Catania, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Aci Trezza. Humo ndimo Giovanni Verga, mzaliwa wa Catania, alimoiweka hadithi yake I Malavoglia, iliyopigwa chapa mwaka 1881. Ni hadithi ya kubuni, walakini deni si jambo la kubuni kwa mtu ye yote, na kwa sababu hii twaieleza.

Mzee 'Ntoni na jamaa yake wana nyumba moja na mashua moja, jina lake Provvidenza, maana yake Majaliwa ya Mungu. Mwaka 1863 mjukuu wake mkubwa achukuliwa jeshini. Mikono ya kazi yapungua, na mjukuu mwingine, Mena, yu karibu kuolewa. Basi mzee anunua kwa mkopo shehena ya lupini, mbegu mfano wa kunde. Zimekwisha kuharibika kidogo, lakini kijijini hapana nyingine. Mwenye kumkopesha ni Zio Crocifisso, mla riba, ambaye watu humwita Kengele ya Mti, maana hasikii mtu akitaka kumlipa kwa maneno matupu. Bastianazzo, mwana wa mzee, azipakia mashuani. Usiku dhoruba yavuma, naye afa maji pamoja na mbegu zote. Deni labaki.

Wakili wa mjini awaambia kwamba kwa sheria hawawezi kunyang'anywa nyumba, kwa kuwa imefungwa na haki ya Maruzza, mjane wa Bastianazzo, kwa ajili ya mali aliyokuja nayo alipoolewa. Mzee hafurahi. Aliahidi kulipa, na mali ya watu ni ya watu. Maruzza naye aiachilia haki yake, na mwisho nyumba yatoka mikononi mwao.

Wako wasomaji wanaomwita mzee huyu mpumbavu. Sisi hatukubali. Kama twamlaumu, twamlaumu kwa siku ile aliponunua kitu kibovu kwa fedha asiyo nayo; siku ya kulipa hatuoni kosa lake. Hata hivyo gharama yake yatisha. Luka, mjukuu wa pili, auawa katika vita vya baharini vya Lissa mwaka 1866. Maruzza afa kwa kipindupindu. Mjukuu mkubwa aingia katika magendo, amchoma kisu askari wa forodha, afungwa. Lia, dada mdogo, atoroka. Mzee mwenyewe afia hospitalini mjini, mbali na kitanda chake. (Verga hasemi neno lake mwenyewe hata mara moja, asimulia kama mmoja wa wanakijiji, pamoja na masengenyo yao.)

Alessi, mjukuu wa kiume aliye mdogo, afanya kazi hata aikomboa nyumba. Ndipo usiku mmoja kaka yake aliyefungwa abisha mlangoni. Wampa chakula, wamwambia pana nafasi yake. Atazama kila chumba, auliza habari za babu, kisha aaga, aenda zake kabla hakujapambazuka.