Sikio la Kulia la Baba Mkwe

Nilipoolewa Ngamiani, Tanga mjini, mama yangu mzazi alinipa masharti ya ukwe kabla sijapanda basi kutoka Lushoto. Usimtaje jina baba mkwe wako. Usikalie kiti chake. Usile mbele yake wala usipaze sauti akiwepo. Nikayashika yote. Miaka ya mwanzo tuliishi nyumba moja tukiambiana "Shikamoo baba" na "Marahaba, bi arusi", basi. Chai yake aliipeleka mtoto. Nikisikia kikohozi chake mlangoni, navuta khanga kichwani na kutokomea uani.

Kilichoyavunja masharti yale ni korona. Simaanishi ugonjwa. Korona ni mashine ya kuchakata mkonge, na watu wa mashambani waliijua kwa jina hilo zamani sana, kabla dunia haijavaa barakoa. Baba alianza kuishughulikia akiwa kijana, enzi ambazo katani yetu iliongoza duniani. Mwaka 1964 pekee nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Alikuwepo mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967, akawepo kamba za nailoni zilipoua soko, mpaka kiwanda chao kikafungwa. Ukisimama karibu na korona huhitaji kuelezwa. Majani yanaingia upande mmoja, yanapondwa na kukwanguliwa, maji ya kijani yanamwagika chini, singa zinatoka upande wa pili zimelowa chepechepe, na ngurumo haipumziki. Vizibo vya masikio hawakupewa. Alistaafu sikio la kushoto limekufa, la kulia likisikia kwa kubembelezwa.

Kisha ukaja mtoto wa jicho, na hapo ndipo gazeti likamshinda. Kwa mzee huyu gazeti lilikuwa timu ya mpira ya Coastal Union. Ubingwa wa mwaka 1988 aliuzungumzia kana kwamba kombe limeletwa uwanjani Mkwakwani jana. Wanawe walikuwa makazini au Dar es Salaam, nyumbani tuko mimi na mama mkwe, ambaye mpira hautaki hata kuusikia. Jioni moja akaniita: "Bi arusi, hebu nisomee hapa." Nikasoma kwa sauti ya mkwe, yaani sauti ya mbu. Hakusikia. Nikaongeza kidogo. Wapi! Akavuta kigoda mpaka upande wake wa kulia, akakigonga kwa kiganja. "Kaa hapa, unisemee sikioni. Ukwe tutaurudia nikipona."

Mama mkwe alicheka hadi akaweka ungo chini.

Tangu siku hiyo kila jioni nilikuwa kwenye kigoda kile, nimemwinamia sikioni, napiga kelele ambazo jirani alizisikia zote. "Bi arusi" ikafa yenyewe, nikawa "mwanangu". Mwaka 2016, timu zetu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo, ziliposhuka daraja kwa msimu mmoja, alinilazimisha nirudie habari ile tangu mwanzo, akiamini nimeruka mstari. Mara nyingine gazeti tuliliacha, akanisimulia mambo ya mkonge: kwamba Mjerumani Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika Tanga 62 vilivyo hai, na mashamba yote yale yakaanzia hapo. Alivitaja vile 62 kwa majivuno, kama vile yeye ndiye aliyevimwagilia maji.

Fainali ya kombe ya Julai 2022, Coastal na Yanga kule Arusha, redio ilikuwa sikioni mwangu na mdomo wangu sikioni mwake. Sopu wetu alipofunga la tatu nilipiga ukelele hata kijana wa genge akaja kuuliza kuna nini. Matokeo yakawa 3-3, Yanga wakachukua kombe kwa penalti. Baba akanyamaza, kisha akasema, "Umetangaza vibaya." Hakunisemesha mpaka isha.

Alifariki mwanzoni mwa 2024, usiku. Asubuhi nyumba ilikwisha kujaa, na masharti ya Lushoto yakarudi bila kuitwa. Mama mkwe alikaa mkekani na wifi zangu wamemzunguka. Mimi nikapewa mwiko. Wageni waliingia, wakampa pole mjane, wakawapa pole mabinti, wakafika mlango wa uani wakaniuliza kama chai tayari. Nilipolia mbele ya sufuria la maharage, bibi mmoja akanikanya: "Mkwe ukilia hivyo, wenye baba yao wafanyeje?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu la adabu.

Makaburini walikwenda wanaume. Mume wangu aliporudi nilimuuliza amelazwaje. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Kwa ubavu wa kulia, akielekea kibla, kama maiti wote." Ni sawa, ndiyo sheria yetu. Ila nililifikiria sikio lile.

Siku ya hitima ya arobaini mama mkwe, akiwa bado edani, aliagiza kutoka chumbani: "Mwiteni mwanangu aje akae na mimi. Pilau wapakue wengine." Wifi mkubwa akaushika mwiko, nikakaa mkekani. Baadhi ya wageni walisita walipofika kwangu, hawajui waniambie nini. Wengine walinipa mkono, wakasema pole kwa msiba wa baba. Siku arobaini zilikuwa zimepita.

Msimu ulipoisha Coastal ilishika nafasi ya nne, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Gazeti la siku ile nilinunua mwenyewe.

Ukifika msibani, ukishawapa pole mjane na watoto, tafadhali zunguka na uani. Wake za watoto wa marehemu wako huko na masufuria, nao wamefiwa. Wape mkono kabla hujauliza chai.